Nguvu ya Jani na Kazi ya Kuifikisha: Mimea, Chembe za Mafuta na Tiba ya Saratani

Mhadhara kwa wakazi wa kartie ya Ndosho, Goma

Kila mmoja hapa ameacha kazi. Katika mji uliopitia yale tuliyoyapitia tangu Januari 2025, kumwomba mtu akae asikilize habari za saratani ni kumwomba jambo zito. Lakini saratani haingoji vita viishe. Hapa karibu, katika Hospitali ya CBCA Ndosho, wapasuaji wanaosaidiwa na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa wametibu majeruhi wa risasi na mabomu kwa miaka mingi, na siku zile za Januari majeruhi walizidi vitanda. Mbele ya kidonda kinachotoka damu, mama mwenye uvimbe kwenye titi hurudi nyuma ya foleni, mara nyingi kwa hiari yake, kwa sababu uvimbe wake hauumi leo. Nimekuja kumsemea mama huyo.

Mada yetu ni dawa za saratani zinazotokana na mimea, na namna wanasayansi wanavyozifunga ndani ya chembe ndogo mno za mafuta ili zifike kwenye uvimbe. Ni mada ya maabara, lakini inagusa swali linaloulizwa katika nyumba zetu kila siku: kama dawa za hospitali zinatoka mitini, kwa nini nisichume mwenyewe? Hoja yangu ni hii, nami nitaitetea kwa mifano. Mmea wenye sumu inayoua saratani umetupa nusu ya dawa tu. Nusu nyingine ni kuifikisha sumu hiyo mahali pake, kwa kipimo chake na kwa wakati wake, bila kumuua mgonjwa njiani. Kila dawa kubwa ya mimea tuliyo nayo dhidi ya saratani ilipatikana pale watu walipojifunza kuifikisha. Na sehemu nzuri ya historia hiyo imetokea katika ukanda wetu wenyewe.

1. Ua la uani

Kuna ua linalopandwa kama pambo katika nyua nyingi za Afrika. Kimo chake ni cha goti. Majani yake yanang'aa, na kila jani lina mshipa mweupe katikati. Ua lina petali tano za waridi au nyeupe, na katikati kijicho cha rangi iliyokolea. Asili yake ni Madagaska, na jina lake la kisayansi ni Catharanthus roseus.

Miaka ya 1950, watu wenye kisukari huko Jamaika walikuwa wakinywa chai ya majani yake. Bahasha ya majani hayo ilimfikia daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, naye akampa mdogo wake, Robert Noble, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario. Robert na mwanakemia Charles Beer waliwanywesha panya maji ya majani hayo, wakapima sukari ya damu. Hakuna kilichobadilika. Kisha wakawadunga panya maji yaleyale kwa sindano. Panya wakafa kwa maambukizi, kwa kuwa seli zao nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili, zilikuwa zimeporomoka.

Watu wengine wangelitupa jani hilo. Noble na Beer walifikiri zaidi: kinachoangusha seli nyeupe kinaweza kumfaa mgonjwa wa saratani ya damu, ambaye seli nyeupe zake zinazaliana bila kikomo. Mwaka 1958 walitangaza kwamba wameipata sumu yenyewe, ikaitwa vinblastini. Katika kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, Gordon Svoboda na wenzake waliipata nduguye, vinkristini, iliyoruhusiwa kutibu watu mwaka 1963. Hadi leo vinkristini ni mojawapo ya nguzo za kutibu saratani ya damu ya watoto.

Jani lilikuwa lilelile. Lililopitia mdomoni halikubadili sukari. Lililopitia sindanoni liliangusha seli za damu. Tena sumu iliyomo ni kidogo mno: kupata gramu moja ya dawa hiyo kunahitaji mamia ya kilo za majani makavu. Mgonjwa hupewa miligramu moja au mbili kwa wakati mmoja, zikiwa zimepimwa kwa ukubwa wa mwili wake. Anayechemsha kiganja cha majani hajui amekunywa kiasi gani, na akizidisha hajui atakipunguza vipi.

Kwa nini kipimo kina ukali huo? Ndani ya kila seli kuna nyuzi nyembamba ambazo seli huzijenga inapotaka kugawanyika. Nyuzi hizo huvuta urithi wa seli, nusu huku na nusu kule. Vinkristini huzuia nyuzi zisijengeke, na seli inayojaribu kugawanyika hufia palepale. Lakini mishipa ya fahamu nayo inategemea nyuzi hizohizo kupitisha mahitaji yake. Ndiyo maana mtoto anayepewa vinkristini huweza kulalamika ganzi kwenye vidole, kuumwa taya, kufunga choo, hata kuburuta mguu. Sumu haina macho. Haimtambui adui wala haimtambui rafiki.

2. Mulago, Kampala

Mwaka 1957, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumwona mtoto katika Hospitali ya Mulago. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote, meno yamelegea. Baada ya muda mfupi aliona mtoto mwingine wa namna hiyo katika hospitali nyingine. Akaanza kuuliza, kuandika na kuchora ramani. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu wakasafiri karibu maili 10,000, kutoka Kampala kuelekea kusini, wakiingia hospitali baada ya hospitali na kuonyesha picha: je, mmewahi kuona mtoto wa hivi?

Ramani ikasema wazi. Ugonjwa huo ulifuata nchi zenye joto na mvua, zile zile zinazosumbuliwa na malaria, na ulikuwa nadra karibu na ikweta pale nchi inapopanda kupita mita 1,500 hivi. Mwaka 1964, katika vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kutoka Uganda hadi London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona kirusi ambacho leo kina jina la wawili wao.

Goma yetu iko karibu na kimo hicho cha mita 1,500. Lakini wengi waliokimbilia hapa wametoka katika nchi za chini na za joto, Walikale kwa mfano, ambako malaria haina msimu. Kwa hiyo nawaambia wazazi: uvimbe wa Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto ambaye taya linavimba upesi, au meno yanacheza bila kuanguka wala kupigwa, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Kumpaka majani wiki mbili kwanza ni kuipa saratani wiki mbili.

Kampala ya wakati huo haikuwa na mashine ya mionzi, na kupasua hakukusaidia. Burkitt na wenzake walijaribu dawa, na miongoni mwa dawa hizo ilikuwa vinkristini, sumu ya lile ua la uani. Baadhi ya watoto walipona kabisa. Mwaka 1967 kilifunguliwa kituo cha kuwatibu, kilichoongozwa na daktari kijana John Ziegler, na kituo hicho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Dunia ilikuwa haijaamini bado kwamba dawa peke yake inaweza kuponya saratani, na ushahidi wa mapema ulitoka hapa jirani. Leo, katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hapo, ingawa dawa ni zilezile na umri wake umepita miaka 60. Wanachokosa watoto wetu ni kufikiwa.

3. Vilima vya Shimba

Sasa twende pwani ya Kenya, Kwale, kwenye Vilima vya Shimba, nchi ya Wadigo. Huko unaota mti mdogo wa jamii ya Maytenus. Mwaka 1972, mwanakemia wa Marekani Morris Kupchan alitangaza kwamba katika mti wa jamii hiyo kutoka Ethiopia amepata sumu kali ajabu, maytansini. Ilikuwa na nguvu mara nyingi zaidi ya vinkristini, lakini katika kilo nzima ya mti ilipatikana miligramu moja au pungufu. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikatafuta mti wenye sumu zaidi, ikaupata Shimba. Katika miaka hiyo ya 1970 zaidi ya tani 27 za mti huo zilikatwa na kupelekwa Marekani kwa majaribio.

Majaribio kwa wagonjwa yalishindwa. Kipimo kilichotosha kuua saratani kilimharibu mgonjwa tumbo na mishipa ya fahamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maytansini iliwekwa kando, na miti ya Shimba ilikuwa imekwisha kukatwa.

Miaka 30 baadaye sumu hiyo ilirudi. Wanasayansi waliifunga kwenye kingamwili, yaani protini inayotambua alama moja iliyo nyingi juu ya seli za aina fulani ya saratani ya titi. Kingamwili inashika seli hiyo, seli inaimeza, na sumu inafunguka ndani. Mwaka 2013 dawa hiyo, Kadcyla, iliruhusiwa Marekani, na imeongeza maisha ya wanawake wengi. Sumu haikuongezewa wema wowote. Ni ya ukoo uleule wa ile iliyokuwa ikiwaumiza wagonjwa, isipokuwa sasa ina wa kuipeleka.

Mfano wa Shimba unatufunza pia kuhusu haki. Siku zile hapakuwa na mkataba wa kimataifa wa kumlazimisha anayechukua mmea agawane faida na wenyeji wake. Mkataba wa Bioanuwai ulikuja mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya ikakubaliwa mwaka 2010 na kuanza kazi mwaka 2014. Nasi tuna mti wetu wa kuukumbuka. Magome ya Prunus africana yamesafirishwa kutoka Kivu Kaskazini kwenda Ulaya kutengenezewa dawa ya tezi dume iliyovimba kwa uzee, ambayo si saratani. Mti ukichunwa gome pande zote hufa umesimama. Tangu 1995 biashara yake inasimamiwa na mkataba wa CITES. Anayechuna gome mlimani hulipwa kidogo, na anayelipima, kulisafisha na kulifunga katika vidonge hulipwa sana. Nguvu ya mmea inalipwa pale inapopata namna ya kumfikia mgonjwa.

4. Mbebaji wa mafuta

Tuje sasa kwenye chembe za mafuta. Mkirudi nyumbani, mimineni kijiko cha mawese katika bakuli la maji. Korogeni mpendavyo, mafuta yatarudi juu. Damu yetu sehemu kubwa ni maji, na sumu nyingi za mimea zina tabia ya mafuta. Ukizitia kwenye serumu hivihivi zinajikusanya mabonge.

Paklitakseli iliteswa na jambo hili. Mwaka 1971 Monroe Wall na Mansukh Wani waliieleza sumu hiyo waliyoipata katika gome la mti wa Marekani. Ili iingie mwilini, ilibidi iyeyushwe katika pombe pamoja na kimiminika kilichotengenezwa kwa mafuta ya mbarika. Kimiminika hicho kiliwasababishia baadhi ya wagonjwa mzio mkali: pumzi kubana, shinikizo la damu kuanguka. Mpaka leo mgonjwa anayetundikiwa paklitakseli ya kawaida hupewa kwanza dawa za kuzuia mzio. Hapo kibebaji chenyewe kilikuwa hatari.

Kuna mafuta ya namna nyingine. Kiini cha yai kina lesithini, ambayo kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Mwaka 1964, katika taasisi ya Babraham karibu na Cambridge, Uingereza, Alec Bangham aliyatazama mafuta ya aina hiyo kwa hadubini ya elektroni baada ya kuyatia maji. Aliona yamejipanga yenyewe: vichwa nje, vichwa ndani, mikia imejificha katikati ya ukuta. Yalikuwa yamejijenga kuwa vifuko, baadaye vikaitwa liposomu. Dawa inayopenda mafuta hujificha ndani ya ukuta wa kifuko, na inayopenda maji hukaa tumboni mwake.

Mmeona tshukudu ikishuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi. Haiongezi ladha ya kiazi wala haipunguzi. Bila hiyo, kiazi kizuri kinaozea shambani. Kifuko cha mafuta kinafanya kazi hiyo ndani ya damu.

Ukubwa wake ni nanomita 100 hivi. Seli moja nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 au zaidi. Udogo huo una faida. Uvimbe wa saratani hukua kwa pupa, na mishipa ya damu unayojijengea huwa mibovu na yenye matundu. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, walionyesha kwamba vitu vya ukubwa fulani huvuja kupitia matundu hayo na kubaki ndani ya uvimbe, huku mishipa mizima ikivizuia. Tatizo lilikuwa ini na wengu, ambavyo kazi yao ni kunasa vitu vigeni. Wanasayansi wakavivika vifuko koti la nyuzi zinazopenda maji ili visitambulike upesi, vikaweza kuzunguka katika damu kwa siku kadhaa.

Dawa ya kwanza ya namna hii iliruhusiwa Marekani mwaka 1995: Doxil, yaani doksorubisini ndani ya liposomu. Sumu yake ilitoka kwa bakteria wa udongoni, wala si mmea, na ugonjwa wa kwanza iliopewa ni Kaposi, saratani iliyojulikana mashariki mwa Congo hata kabla ya UKIMWI. Baadaye zilifuata sumu za mimea. Mwaka 2003 China iliruhusu paklitakseli ndani ya liposomu. Mwaka 2015 Marekani iliruhusu Onivyde, yenye irinotekani, dawa iliyotengenezwa kutokana na sumu ya mti wa Kichina Camptotheca acuminata, kwa saratani ya kongosho. Na mnakumbuka chanjo za mRNA za Korona. Ujumbe wake ulibebwa na chembe za mafuta za ukoo huuhuu, na Katalin Karikó na Drew Weissman, waliofanya mRNA yenyewe iweze kutumika, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023.

Vinkristini nayo ilijaribiwa. Mwaka 2012 Marekani iliruhusu Marqibo: vinkristini ndani ya vifuko vya sfingomielini na kolesteroli, kwa watu wazima ambao saratani yao ya damu ilikuwa imerudi. Kwa kifuko hicho mgonjwa aliweza kupewa kipimo kikubwa kuliko cha kawaida. Lakini ruhusa ilitolewa kwa sharti kwamba utafiti mkubwa uthibitishe faida yake. Uthibitisho haukupatikana, na mwaka 2022 ruhusa iliondolewa. Nawaeleza haya kwa makusudi, kwa sababu mtasikia watu wakilitaja neno nano kwa sauti ya muujiza. Mwaka 2016 watafiti walikusanya majaribio ya miaka 10 yaliyofanywa kwa wanyama, wakakuta kwamba kwa wastani chini ya asilimia 1 ya chembe zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Nyingine ziliishia kwenye ini, wengu na kwingineko. Kazi ya kufikisha bado inaendelea, hata katika maabara tajiri kuliko zote.

5. Manjano na mubirizi

Sasa nazungumza na mnaouza na mnaonunua dawa za majani. Siwadharau. Ua la Madagaska lilijulikana kwa waganga kabla ya maabara, na mti wa Shimba pia. Lakini kati ya sumu kuua seli ndani ya kioo na dawa kumponya mtu kuna safari ndefu, na manjano yanaonyesha urefu wake.

Rangi ya manjano inatoka katika kurkumini. Ndani ya kioo cha maabara, kurkumini huua seli za saratani za aina nyingi, na maelfu ya makala yameandikwa juu yake. Ukiila, karibu yote inapita tumboni bila kuingia katika damu, na ile kidogo inayoingia ini huivunja upesi. Ndiyo sababu watafiti wengi wanaifunga katika chembe za mafuta. Mpaka sasa hakuna jaribio kubwa kwa watu lililoonyesha kwamba kurkumini inaponya saratani. Basi atakayewauzia chupa ya manjano yenye maandishi ya nano, mwulizeni maswali matatu: imepimwa kwa wagonjwa wa wapi, kwa kipimo gani, na matokeo yalichapishwa wapi? Akikosa jibu, wekeni faranga zenu za kumlipia mgonjwa vipimo.

Mubirizi nao, tunaouchemsha kwa tumbo na homa, una vitu vichungu vinavyoua seli katika maabara. Hilo ni sababu ya kuuchunguza katika vyuo vyetu. Halijawa sababu ya kumwachisha mama matibabu. Mgonjwa anayekunywa majani yoyote amwambie daktari au infirmie wake bila aibu, na infirmie asimkaripie. Vinkristini huvunjwa na ini, na hata dawa ya kawaida ya fangasi, itrakonazoli, huweza kulizuia ini kuivunja, mishipa ya fahamu ikaumia. Majani ambayo hatujayapima yanaweza kufanya vivyo hivyo bila sisi kujua.

6. Kutoka bariyeri hadi kitandani

Tuitazame sasa kazi ya kufikisha hapa kwetu. Chukueni ile Marqibo. Kuiandaa kulihitaji chupa tatu zichanganywe, kisha chupa itiwe katika maji ya nyuzi joto 65 hivi kwa dakika kumi, ipozwe na kupimwa, na kazi yote ichukue saa nzima au zaidi mikononi mwa mfamasia aliyefunzwa. Fikirieni kazi hiyo katika chumba ambamo umeme unakatika. Dawa ya namna hii inapobuniwa bila kutufikiria, hata ikiruhusiwa, kwetu inakuwa habari ya redioni tu.

Lakini vinkristini ya kawaida haina mahitaji hayo. Ni kichupa kidogo cha maji meupe angavu. Kinatunzwa katika friji kwa nyuzi 2 hadi 8. Ni dawa ya zamani isiyo na hataza, na iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inadai nidhamu ya mkono. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Ikidungwa kwa makosa katika maji ya uti wa mgongo, huua. Kwa sababu hiyo, mwaka 2007 Shirika hilo lilitoa tahadhari, likashauri iwekwe katika kifuko kidogo cha serumu, wala si katika bomba la sindano, ili isichanganywe na dawa za uti wa mgongo. Vijana wauguzi, sheria hiyo ni fupi. Ishikeni.

Nchi nne za Afrika Mashariki na Kusini, yaani Kenya, Uganda, Malawi na Zimbabwe, zilikuwa miongoni mwa zilizoshiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Kaposi kwa watu wenye UKIMWI. Dawa zilizolinganishwa zote zilikuwa na sumu za mimea ndani yake: vinkristini ikiwa pamoja na bleomisini, etoposidi, na paklitakseli. Paklitakseli ilishinda. Utafiti ulifanywa hivyo kwa sababu liposomu ya doksorubisini ilikuwa ghali mno kwa hospitali zetu. Hiyo ndiyo sayansi ninayoiheshimu: inauliza ni dawa gani inaweza kweli kufika kwa mgonjwa wa hapa, kisha inapima.

Ni kweli kwamba njia yetu ni ngumu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025. Mwenye uwezo huvuka Bariyeri Kubwa kwenda Butaro, ambako Rwanda ilifungua kituo cha saratani mwaka 2012, au Kigali, ambako mashine za mionzi zilianza kazi mwaka 2019. Asiye na uwezo hubaki. Lakini msiniambie kwamba kufikisha haiwezekani Kivu Kaskazini. Chanjo ya Ebola ilipaswa kutunzwa katika baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi, na kati ya 2018 na 2020 ilifikishwa Mangina, Beni, Butembo na hapa Goma, katikati ya risasi na matope. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Waliobeba masanduku ya chanjo hiyo wengi wao walikuwa watoto wa mkoa huu. Anayeweza kubeba dawa kwa baridi ile, anaweza kuibeba kwa nyuzi 4.

Wala msiniambie kwamba Kivu haiwezi kugeuza mti kuwa dawa iliyopimwa. Pale Bukavu, Pharmakina imetengeneza kwinini kutokana na magome ya mikwinini iliyopandwa katika milima yetu. Gome lilipita mikononi mwa mkulima, mwanakemia na mfamasia, likatoka likiwa kidonge chenye kipimo kinachojulikana. Tunao mfano. Hatuna haja ya kuuagiza.

Basi nina maombi manne. Kwa akina mama na akina baba: uvimbe usiouma, kidonda kisichofunga, damu isiyo ya kawaida, taya la mtoto linalovimba, vipelekeni kwa daktari kabla ya kuvipeleka kwa mchemsha majani. Kwa wauguzi na madaktari: andikeni kila mgonjwa wa saratani mnayemwona, jina la ugonjwa, alikotoka, alifika katika hali gani. Burkitt alianza na daftari, na bila daftari hakuna atakayeamini kwamba tunahitaji dawa hizi. Kwa mashirika yanayotusaidia, na kwa kila mwenye mamlaka juu ya barabara na bariyeri: wekeni vinkristini na dawa nyingine za saratani katika shehena zile zile zinazoleta serumu na bandeji, na mpitisheni mgonjwa wa saratani kama mnavyompitisha majeruhi. Na kwa nyinyi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Goma na vyuo vingine vya mji huu: someni kemia na famasia, nendeni kwa wazee wanaojua miti, andikeni majina yao pamoja na majina ya miti, na mkubaliane nao haki yao kabla jani halijatoka kijijini.

Chembe za mafuta zitaendelea kuboreshwa, na siku moja huenda mmoja wenu atatengeneza moja isiyohitaji friji wala maji ya moto, kwa ajili ya hospitali za namna yetu. Hadi siku hiyo, kuna watoto wanaoweza kupona kwa dawa iliyokuwapo tangu 1963. Kazi ya kwanza ya mji huu ni kuwafikishia hiyo.